Zako Tia Maji

Kila asubuhi kule Masaki, Kisarawe, niliamshwa na wembe. Majogoo wa bibi walikuwepo, tena wenye kelele, lakini hao nilikwisha wazoea, wangeweza kuwika mpaka wakaukwe na koo nisifumbue jicho. Kilichonitoa usingizini ni sauti ya wembe wa babu ukinolewa kwenye mkanda wa ngozi alioufunga kwenye nguzo ya baraza: chwa, chwa, kwenda na kurudi, taratibu, bila papara. Nyuma ya sauti ilikuja harufu. Maji ya moto yaliyoingiwa na moshi wa kuni, sabuni ya kipande, ndimu iliyokatwa, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho, harufu tamu iliyochachuka ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho nyuma ya nyumba. Mpaka leo nikipita mahali penye mabibo yaliyoiva kupita kiasi, kichwa kinanisisimka.

Nilikuwa darasa la pili. Kwetu kulikuwa Kibaha, chumba na sebule upande wa Zegereni, ambako baba alifanya kazi kiwandani. Mama alikuwa na ujauzito uliomlemea, miguu imevimba, hana nguvu hata ya kunifokea, na mimi nilikuwa mtoto wa kufokewa. Shule zilipofungwa baba akanipeleka kwa wazazi wake nikae huko mpaka mama ajifungue. Nililia njia nzima. Tulipofika, babu alinitazama, akamgeukia bibi, akasema, "Haya, mke mdogo kaja. Sasa utakoma." Bibi akajibu kwamba mke mwenza mwenye makamasi hamtishi. Nikacheka na machozi yangali mashavuni, na tangu siku hiyo nikawa mke wa babu na mke mwenza wa bibi, cheo nilichojivunia sana.

Babu alinyoa kichwa na mashavu kila siku aliyojaaliwa kuamka. Akirudi kutoka msikitini alfajiri alivua kanzu, akabaki na shuka kiunoni na fulana, akakaa kwenye kigoda chake barazani. Mbele yake palikuwa na kipande cha kioo kilichopachikwa kwenye ufa wa ukuta wa udongo. Bibi alileta beseni la maji ya moto, akaliweka, akaondoka bila neno. Kwanza yalikuja maji. Babu aliyachota kwa kiganja na kuyapaka kichwani, mashavuni na shingoni, akarudia, akarudia tena, maana alisema nywele kavu ni kaidi na nywele iliyolowa ni muungwana. Kisha alisugua brashi kwenye sabuni mpaka povu likapanda, akajipaka, na uso wa babu yangu ninayemjua ukapotea. Yakabaki macho mawili na ndevu chache za kidevuni, ambazo hakuzigusa kwa sababu ni sunna. Halafu akaukunjua wembe. Ulikuwa wa zamani, wa kukunjwa, unaoingia ndani ya mpini wake, nao ulipotoka ulitoa mng'ao ambao mimi niliuogopa na kuupenda kwa pamoja. Alianzia utosini. Kila ulipopita uliacha njia nyeusi inayong'aa katikati ya povu. Sijapata kuona tena mtu mzima akifanya jambo la kila siku kwa heshima namna ile. Alipomaliza alijipaka ndimu, akafumba macho ikimchoma, na kama palichubuka mahali alilowanisha kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kukausha damu, akalikandamiza hapo.

Muda wote huo hakuna aliyesema. Ilikuwa sheria ya nyumba: mtu mwenye wembe shingoni haamkiwi. Ukitoka ndani ukamkuta babu ananyoa, unaimeza shikamoo yako na kusubiri. Hata wageni walijua. Mara nyingi jirani aliyekuja kuomba moto au kutoa habari ya msiba alisimama pembeni ya uwanja, kimya, mpaka babu afute povu la mwisho na kuinua uso. Hapo ndipo salamu zote zilipomiminika kwa mkupuo, naye akazipokea moja moja: marahaba, marahaba, marahaba, mke wangu. Mtoto wa mjini niliyezoea redio za wapangaji wanne zikipigwa kwa pamoja, nilistaajabu kwamba wembe mdogo vile unaweza kunyamazisha watu wazima, kuku na mimi.

Kosa langu lilitokea mapema. Upepo ulikuwa umeezua paa la jirani, na bibi akawa anamsihi babu afunge makuti yetu upya kabla mvua haijatukuta nasi. "Mwenzio akinyolewa, zako tia maji," alimwambia. Babu akaitikia na kwenda kutafuta kamba. Mimi sikusikia habari ya paa wala ya tahadhari. Nilisikia habari ya kunyoa, na nilijua ni nani anayenyolewa nyumbani mle kila asubuhi. Kesho yake, babu alipoanza tu kujipaka povu, nilikwenda kwenye mtungi, nikachota kata nzima ya maji, nikajimwagia kichwani, nikaja kukaa kando ya kigoda chake huku maji yakinitiririka mpaka kwenye gauni. Babu aliniona kwenye kioo. Mabega yakaanza kumtikisika, akashusha wembe, akacheka mpaka povu likadondoka mapajani. Ndiyo mara pekee niliyomwona akivunja sheria yake. Alichovya kidole kwenye povu, akanipaka puani. "Zamu yako bado, mke wangu," akasema. Tangu hapo nililowanisha kichwa kila asubuhi, nikapakwa tone langu puani, nikakaa kimya kusubiri zamu. Bibi alijaribu kunieleza maana ya methali. Sikumwamini.

Nikikaa karibu vile ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo wakubwa walikuwa hawalisemi. Mkono wa kulia wa babu ulikuwa unatetemeka. Ulianza na kikombe cha kahawa, kikawa kinagongana na kisahani chake. Kisha ukawa wembe. Ulipokuwa hewani ulicheza, lakini ulipotua juu ya ngozi ulitulia kabisa, ukatembea kama jana na juzi. Niliamini kwamba wembe ndio unaoutuliza mkono. Hata hivyo kipande cha shabu kilianza kulowa karibu kila siku. Siku moja nilimsikia bibi akimwambia, kwa sauti ambayo hakutaka niisikie, "Na mjukuu akizaliwa, itakuwaje?" Katika ukoo wetu kichwa cha mtoto mchanga hunyolewa na mkubwa wa nyumba, siku ya saba, kwa wembe na maji, na babu ndiye aliyemnyoa baba, shangazi zangu wote na mimi. Kunyang'anywa kazi hiyo kungekuwa kumwambia mbele ya watu kwamba ukubwa wake umekwisha. Kumwachia kungekuwa kuweka wembe unaotetemeka juu ya utosi wa mtoto, pale panapopwita. Hata mimi, kwa udogo wangu, nililielewa hilo.

Mama alijifungua mtoto wa kiume kule Kibaha, salama, na mkesha wa siku ya saba wakafika Masaki na mtoto, Rajabu, kafungwa ndani ya kanga tatu. Baba alipokea kahawa kutoka kwa babu, akasikia kikombe kikigongana na kisahani, akainua macho. Baada ya chakula alitoa boksi kwenye mfuko. "Baba, nimekuja na mashine ya kunyolea. Ya betri. Hii haikati ngozi." Alisema kwa adabu, akiangalia chini. Babu aliigeuza mashine mikononi, akaiwasha, ikanguruma, akaizima. "Kitu kizuri," akasema, akamrudishia. Sikuwahi kumwona amekuwa mdogo vile. Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia baba kwa jioni nzima.

Asubuhi nikasikia: chwa, chwa. Nilitoka mbio. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni limeshajaa, ila safari hii hakujipaka povu. Alikuwa anasubiri. Mama amekaa mkekani na Rajabu mapajani, baba amesimama na boksi lake, bibi mlangoni. Uwanjani majirani waliokuja kwa ajili ya akika walikwisha simama, hakuna anayeamkia mtu. "Baba," baba akasema polepole, "jana tulishaongea." Babu hakugeuka. Hakuna aliyejua la kufanya, na kimya kile kilichokuwa kitamu kila siku, leo kilitisha. Basi nikafanya nililolijua. Nilikwenda kwenye mtungi, nikachota kata ya maji, nikajimwagia kichwani, nikaja kukaa mkekani katikati ya magoti ya babu. Bibi alikuwa ameniahidi kunisuka siku ile. Nywele zangu za shule zilikuwa ndiyo kwanza zimefika urefu wa kushikika, na alikuwa amezipaka mafuta ya nazi jioni iliyotangulia. Sikuzijali. "Babu," nikasema, "zamu yangu."

"Zuhura, toka hapo," baba akasema. Bibi ndiye aliyemjibu, pale pale mlangoni: "Mtoto akililia wembe, mpe." Hapo babu akaweka kiganja cha kushoto kwenye paji la uso wangu. Kiganja kilikuwa cha moto, kigumu kwa jembe. Akanipaka povu, na kwenye kioo nikajiona nimetoweka kama yeye anavyotoweka. Niliuona wembe ukipanda juu yangu, ukicheza na mwanga. Nilifumba macho. Ulipotua nilisikia sauti yake kwa ndani, ndani ya mifupa ya kichwa, kwaru, kwaru, na hofu yote ikaniisha. Baridi ilifuata kila ulipopita. Nywele zikadondoka mapajani pamoja na povu, nyepesi, na mkono wa babu ulikuwa umetulia kabisa. Nilidhani nitapasuka kwa fahari.

Ilikuwa nyuma ya sikio, mwishoni kabisa. Mkono uliruka. Nilisikia mchomo mdogo, kama wa sisimizi, nikafumbua macho, na kwenye kioo nikaona uzi mwekundu ukishuka upande wa ukutani, ambako hakuna mwingine aliyeweza kuuona. Sikutikisika. Nilibana meno, nikamtazama babu kwenye kioo nikimwomba kwa macho asiseme, maana mimi nisingesema kamwe. Naye alinitazama. Mpaka leo sijui jinsi ya kulieleza lile tazamo. Lilikuwa na shukrani, na pia lilikuwa na kitu kinachofunga mlango. Alilowanisha shabu, akaikandamiza nyuma ya sikio langu mpaka damu ikakauka. Akanifuta uso. Akausuuza wembe, akaupangusa pande zote mbili. Angeweza kuendelea. Kila mtu uwanjani alikuwa amekiona kichwa changu kinang'aa, na baba alikwisha liweka boksi chini.

"Baba Zuhura," babu akaita. "Njoo. Zako tia maji."

Baba alielewa. Alikwenda kwenye beseni, akachota maji kwa kiganja, akalowanisha kichwa chake mwenyewe mbele ya watu wote, kisha akapiga magoti mkekani, na babu akamwekea wembe mkononi. Rajabu alilazwa juu ya viganja vya babu. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka sasa bila kificho, na ule mtetemeko ukawa unambembeleza mtoto, akalala fofofo. Baba alinyoa, jasho likimtoka, na babu akimwongoza kwa sauti ndogo: laza zaidi, usikandamize, maji, ongeza maji. Wembe ulipofika utosini hakuna aliyevuta pumzi. Hakuna tone lililotoka. Babu alipoinua uso na kusema alhamdulillahi, salamu za watu wote zikalipuka kwa mara moja, na mimi, kipara changu kikiwaka jua, nikalia kwa sauti bila kujua kwa nini.

Babu hakushika wembe tena. Kuanzia asubuhi iliyofuata alinyolewa na bibi, aliyejisifu kwamba hatimaye shingo ya mume wake iko mikononi mwake. Alipofariki wembe ukaja Kibaha kwa baba, na ile mashine sijui iliishia wapi. Rajabu sasa ni kijana wa watu, ananyolewa saluni. Muziki juu, mashine inaunguruma, kinyozi anaongea na simu yake, na baada ya robo saa anatoka na mistari kichwani. Anapendeza, simlaumu. Ila pale kila mtu anamwamkia kila mtu, na hakuna anayeogopa kitu. Mimi najua nilichokiona barazani Masaki, na namshukuru Mungu kwamba nilikiona nikiwa mdogo kiasi cha kukistaajabia.

Baba anaishi nami siku hizi. Mwaka huu kikombe chake kimeanza kugongana na kisahani. Asubuhi moja alitoka na beseni, kioo na mkanda wa ngozi, akakaa uani, akaukunjua wembe, akaushika muda mrefu bila kuuinua. Kisha akanigeuzia mpini. Binti yangu alikuwa anatoka na sare zake za shule. Aliuona wembe, akasimama mlangoni na shikamoo yake mdomoni, kimya, ingawa sikumbuki kama niliwahi kumfundisha. Nilichota maji nikamlowanisha baba utosi, mashavu, shingo, nikarudia. Halafu nikaushusha mtandio wangu, nikapitisha kiganja chenye maji kwenye nywele zangu, pale zinapoanza kuwa nyeupe.

Baba alinitazama kwenye kioo. "Zamu yako bado, mwanangu," akasema.

"Najua," nikamjibu. "Natia maji tu."