Chumvi Haipokewi kwa Mkono

Nilipokuwa mtoto kule Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, kulikuwa na vitu viwili ambavyo mtu hakupewa mkononi nyumbani kwetu: kisu na chumvi. Kisu nilielewa. Chumvi ilinitatiza, maana haikuwa na ubaya wowote niliouona. Koo likiwasha kwa baridi ya Julai, tulisukutua kwa maji ya chumvi. Leso mpya ya Mama ililowekwa humo kwanza ili isichuje rangi. Chumvi hiyohiyo iling'arisha sufuria na kutunza nyama tuliyokausha juu ya moto. Lakini kuipokea kwa kiganja, hapana. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bungoma, alishikilia kwamba chumvi ikipita mkono kwa mkono, wenye mikono hiyo watagombana. Iwekwe chini, mwenzako aichukue mwenyewe. Mama alilishika neno hilo kuliko mahubiri ya Jumapili.

Katika chumba kilichopakana na chetu, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga tulimoishi, alikaa Mama Akinyi. Alikuwa amezaliwa na kukulia Kisumu mjini, mcheshi, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. Yeye na Mama walikuwa chanda na pete. Mwaka huo Mama alikuwa na mimba kubwa, na Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia mbao kwenye malori, mara nyingi alikuwa safarini. Walikuwa wamekubaliana kwamba uchungu ukianza, Mama Akinyi ndiye angempeleka hospitalini. Kukhu alikuwa amekuja kutuangalia, lakini mji wa Eldoret ulimchanganya hata mchana.

Basi siku moja, wakati wa kupika chakula cha mchana, Mama Akinyi akasimama mlangoni, kiganja wazi.

"Mama Nekesa, nisaidie chumvi kidogo. Mboga iko kwa moto."

Kukhu alikuwa ameketi palepale akitazama. Mama akaupita ule mkono ulionyooshwa, akainama kwa shida na tumbo lake, akamwaga chumvi juu ya kipande cha gazeti kizingitini.

Mama Akinyi aliitazama. "Kwani mimi ni kuku, unanimwagia chini?"

"Si hivyo. Ni vile tu kwetu..."

"Ama mkono yangu iko na uchafu? Si useme tu."

Akaondoka, chumvi akaiacha pale. Kukhu akatikisa kichwa kwa huzuni iliyochanganyika na ushindi. "Umeona chumvi ilivyo kali? Hata kwa kuwekwa chini imeleta maneno."

Leo nacheka nikikumbuka. Wakati ule sikucheka. Salamu zilikatika. Mama alimenya viazi machozi yakimtoka, akasingizia moshi, na mimi nilijua jiko halijawashwa. Nilimpenda Mama Akinyi, na niliogopa. Nilikuwa nimesikia wanawake wakisimuliana habari za waliojifungulia njiani, na nilijiuliza nani sasa angemshika Mama mkono.

Uchungu ulianza asubuhi ya mvua, Baba akiwa Nakuru. Mama aliegemea ukuta, akauma leso. Nilipotaka kwenda kuita jirani alinikataza, na Kukhu akaanza kutafuta viatu vyake, tayari kumpeleka mahali asipopajua. Lakini kuta zetu zilikuwa za mbao. Mlango ulifunguka bila hodi. Mama Akinyi alikuwa amekwisha kuvaa koti na kilemba.

"Shika bega yangu," alisema. "Hiyo maneno ingine tutamalizia huko mbele."

Walirudi kesho yake na Wafula, mdogo wangu, amefungwa kama mkate. Kukhu akachemsha maji ya kumkandia Mama, na maji hayo yalitaka chumvi. Tulipofunua mkebe wetu tulikuta tope tupu, kwa maana msimu wa mvua chumvi hunywa unyevu hewani mpaka ijiyeyushe. Mama Akinyi akakimbilia kwake, akarudi amefumba ngumi. Alifika katikati ya chumba akasimama, akamtazama Mama kitandani.

"Niweke wapi hii?"

Aliuliza polepole, na sote tulielewa alichokuwa anauliza. Kukhu alikuwa amekwisha kusogeza kigoda. Mama hakukitazama. Alitoa mkono wake chini ya blanketi, akaukunjua.

"Weka hapa, dada yangu."

Chumvi ikamwagika kiganjani. Kukhu aligeukia dirishani.

Sikuwahi kumwambia Kukhu kwamba alikosea, na sasa, nikiwa nimezidi umri aliokuwa nao Mama siku ile, sina hakika kama alikosea. Mama na Mama Akinyi waligombana tena, mara nyingi: juu ya kamba ya nguo, juu ya kuku, juu yetu sisi watoto. Walipayukiana hadi ploti nzima ikatoka nje. Lakini tangu ile chumvi, hakuna aliyemnunia mwenzake hadi jua likazama.