Kioo, Dirisha na Jicho la Mama

Mama alikataa kupasuliwa jicho kwa miaka miwili. Siku alipokubali aliweka sharti moja: nimpeleke Homa Bay kwa gari langu mwenyewe, na nimrudishe kwa gari hilohilo. Matatu humtapisha. Teksi humtapisha pia, hata akiwa abiria peke yake. Gari langu halimtapishi, labda kwa sababu paa lake ni la turubai na hukunjwa likalala nyuma ya viti, naye hukaa mbele upepo ukimpiga usoni kama mtu aliyepakiwa kwenye baiskeli.

Kwetu Uriri wanaliita gari la kuvua kofia. Lilikuwa la binamu yangu, aliyelikodisha kwa maharusi mjini Migori hadi maharusi walipoanza kutaka magari makubwa meusi. Akaniachia. Mwanzoni niliona haya kulipeleka shuleni ninakofundisha, lakini haya haikupeleki kazini, na mvua inaponyesha paa likifungwa ni gari kama gari jingine.

Jicho la kushoto la Mama lilikufa zamani, lilipochomwa na jani la muwa akipalilia. La kulia liliingia mtoto wa jicho, na kufikia mwaka jana alikuwa akinitambua kwa sauti. Kwa hiyo tulikuwa na jicho moja tu la kushughulikia. Likiharibika hilo, hakuna jingine.

Jumatatu ya safari jua lilikuwa kali nikafunga paa. Kutoka kwetu hadi kwenye lami ni kilomita nane za murram, udongo mwekundu mtupu, na msimu wa kiangazi trekta za miwa huigeuza njia hiyo kuwa unga. Tulipishana na trekta ya pili nikasikia kitu kikipigapiga nyuma. Nilipogeuka niliona kioo cha nyuma kimeachana na turubai upande wa juu, kimefungua mdomo, na vumbi linaingia kama moshi jikoni.

Kama hujawahi kuliona paa la namna hii, nikueleze kidogo. Kioo chake cha nyuma hakikai ndani ya chuma. Kimeshikanishwa na kitambaa chenyewe kwa gundi, ukingo wote, kama stempu kwenye bahasha. Gundi ikichoka, kioo huanza kuachia, na mara nyingi huanzia juu, kwa kuwa huko ndiko kitambaa kinakovutwa zaidi kila unapolifunga paa. Si ajali. Ni uzee tu, na uzee unatengenezeka.

Hospitalini muuguzi alikitazama kitambaa cha kichwa cha Mama, ambacho asubuhi kilikuwa cheupe.

"Mmekuja na gari gani, mwalimu? Ama mmekuja kwa trela ya miwa?"

Nikamweleza. Hakutania tena. Aliniambia upasuaji ni Jumatano, nimchukue Mama Ijumaa asubuhi, na kwamba wiki ya kwanza ndiyo ya hatari. "Uchafu ukiingia kwenye kidonda, tunaweza kulipoteza jicho. Huyu mama ana moja. Hilo gari lifungwe, lifungike kabisa."

Nilimwacha Mama na dada yangu mdogo, aliyekuja kukaa naye wodini. Nikiagana nao Mama alisema, kwa Dholuo, kwamba ahadi ni ahadi, na kwamba akiona wamemletea teksi atatembea kwa miguu.

Jioni hiyo nilifanya kosa la kwanza. Nilinunua supagluu dukani, nikaipaka kwenye mdomo ule, nikabana kwa vidole nikihesabu hadi mia. Ikashika. Nilifurahi hadi nilipofunga mlango. Tak! Ikaachia yote.

Kosa la pili nilifanya Jumanne asubuhi, na hilo ni la aibu kidogo kwa sababu mimi hufundisha Kiswahili. Nilimpigia muuza vipuri wa Migori nikamwambia, "Kioo cha nyuma kimelegea, nisaidie leo." Akasema hakuna shida, anatuma kwa bodaboda. Nilingoja hadi saa saba. Bodaboda akanikabidhi kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na kioo cha kujitazama: kile kidogo cha mbele ya dereva, cha kuangalia magari yaliyo nyuma.

Nikapiga tena simu. "Ndugu, nilisema kioo cha nyuma."

"Si ndio hicho? Unaangalia nyuma."

"Nilisema kilicholegea."

"Hata hicho hulegea, mwalimu. Magari mingi hapa kinalegea."

"Ninasema kile kikubwa. Cha kwenye turubai. Kile mtu wa nyuma anaona mgongo wako."

Akapiga kelele hadi nikasogeza simu mbali na sikio. "Hiyo ni dirisha! Si ungesema dirisha! Wewe unasema kioo, mimi nitajuaje?"

Alikuwa na haki. Kwetu kioo ni kila kitu. Kioo cha kujitazama, kioo cha simu, kioo cha mlango. Nimewakata watoto alama kwa kutotofautisha maneno, na mimi nilikuwa nimepoteza nusu ya siku kwa neno moja. Lakini neno lile jingine ndilo lililonifungulia njia, kwa sababu yule bwana aliendelea, "Sasa dirisha ya turubai mimi siwezi. Hiyo peleka kwa mama wa mahema, nyuma ya soko. Yeye ndiye hushona dirisha kwa turubai."

Mama wa mahema hushona mahema ya harusi, ya matanga na ya makanisa, yale meupe yenye madirisha ya plastiki yaliyopinda juu kama ya kanisa la mawe. Ni wa umri wangu. Nilifika kwake jioni, akalizunguka gari mara moja, akaukwaruza ukingo wa kioo kwa ukucha.

"Umepaka nini hapa?"

"Supagluu."

"Ai, mwalimu! Ulikuwa unabandika gari ama kucha za bibi harusi?"

Baada ya kunicheka alinieleza, na maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko mengi niliyowahi kutoa darasani. Gundi ile hukauka ngumu kama sukari guru. Turubai halikai kimya. Kila gari likiruka, kitambaa kinajinyoosha na kurudi. Kitu kigumu kikishikana na kitu kinachocheza, kigumu ndicho kitakachovunjika. Inatakiwa gundi nyeusi ile wanayowekea vioo vya mbele, inayokauka ikabaki laini kama mpira. Alimwambia jirani yake mwenye gereji atuletee, akaniambia nije asubuhi, niwe tayari kusubiri hadi Alhamisi jioni. Nilihesabu. Ijumaa asubuhi ndiyo siku yenyewe. Haikubaki nafasi ya kukosea tena.

Jumatano nilikuwa kwake saa mbili. Saa hizohizo Mama alikuwa kwenye foleni ya chumba cha upasuaji. Tuliikwangua gundi ya zamani kwa wembe ukingo wote, maana hata chini ilikuwa imechoka, kwenye kioo na kwenye kitambaa, tukapangusa kwa spiriti hadi kitambaa cha kupangusia kikatoka safi. Nikadhani sasa tunapaka.

"Bado," akasema. "Fungua paa nusu."

"Nusu? Si tutashindwa kulifunga?"

"Fungua kwanza. Kitambaa kikivutwa kinataka kukimbia. Ukikipaka gundi kikitaka kukimbia, kitakimbia na gundi yako."

Nilifungua ndoano mbili za mbele, tukalisogeza paa nyuma kidogo, na turubai likalegea. Na kweli, ule mdomo uliokuwa umeachama ulijifunga wenyewe. Kitambaa na kioo vilikutana bila mtu kuvuta. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vidole vyangu vya Jumatatu vilikuwa vikishindana na paa zima.

Alinipa bunduki ya gundi. Nikaanza kona ya kushoto nikienda kulia, kama mtu anayeandika ubaoni. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Unaandika barua? Hema huanzi upande mmoja ukazunguka. Mkunjo wote utakungoja kona ya mwisho. Shika kona hii, halafu ile inayotazamana nayo huko chini. Halafu hizo zingine mbili. Ukimaliza kona, ingia katikati."

Ndivyo wanavyosimamisha mahema, kona kwa kona zinazotazamana, na ndivyo tulivyofanya. Yeye alibana, mimi nikapaka. Tulikuwa katikati ya ukingo wa juu simu yangu ilipolia mfukoni. Nilijua ni dada yangu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bunduki, mwingine umekishika kioo, na gundi ilikuwa inatoka.

"Usiache!" akasema. "Simu nitashika mimi. Wewe shika dirisha yako."

Akaichomoa simu mfukoni mwangu bila haya, akaongea na dada yangu kwa Dholuo kana kwamba walikua nyumba moja. Aliuliza watu wa nyumbani, akauliza mvua ya Homa Bay, akacheka. Mimi nilikuwa natokwa na jasho hadi kwenye miwani. Alipokata simu akarudi kubana kona yake.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Sasa nini?"

"Mama yangu!"

"Ooh. Ametoka salama. Anauliza kwa nini hospitali haina chai ya maziwa."

Nilimaliza ukingo ule sijui namna gani.

Tuliweka ubao uliofungwa kitambaa nje ya kioo na mwingine ndani. Ule wa nje tuliukandamiza kwa mifuko ya mchanga, ile anayowekea miguu ya mahema. Ule wa ndani tuliuegemeza kwa madaftari ya gredi ya sita niliyokuwa nimeyabeba ili niyasahihishe. Akaniamuru nisiguse chochote hadi kesho yake jioni, na nisifunge hata mlango, kwa sababu mlango ukifungwa kwa nguvu hewa ya ndani hukisukuma kioo nje. Kumbe ile tak ya Jumatatu ilikuwa mimi mwenyewe.

Alhamisi saa kumi tulitoa mbao. Tukalifunga paa taratibu, "mos mos," akisema, hadi ndoano zikaingia. Hakuna kilichoachia. Akamwaga ndoo ya maji juu ya ukingo. Ndani pakabaki pakavu. Bado hakuridhika. Aliniambia nitandaze koti langu jeusi kwenye kiti cha nyuma, niketi ndani, nifunge kila kitu, kisha akachukua ufagio na kuanza kufagia vumbi la uwanja wake kuelekea gari kwa nguvu zote. Wapita njia walisimama kumtazama mwanamke anayelifagilia gari vumbi badala ya kulipangusa. Nilipolitoa koti nje tukalikagua juani. Lilikuwa jeusi vilevile.

Ijumaa Mama alitoka wodini amevaa miwani nyeusi na kifuniko cha plastiki juu ya jicho. Alipapasa mlango wa gari, akaupata mpini, akajua ni lenyewe, akaingia. Dada yangu alikaa nyuma. Tulipita njia ya kwenda Asumbi, tukafika Rongo, tukashuka kuelekea Uriri, yote lami. Kisha tukaingia murram.

Nilikuwa nikiendesha huku natazama kioo kwa kioo, kile kikubwa ndani ya kile kidogo. Trekta ya kwanza ilitupita ikatuacha ndani ya wingu jekundu hadi nikasimama. Nje hakukuonekana hata ua wa jirani. Ndani hewa ilikuwa safi, inanuka spiriti na gundi. Dada yangu alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, akanionyesha: hakuna kitu. Tulisubiri wingu lipite, tukaenda. Trekta ya pili, vilevile.

Nilipozima gari uani, Mama aligeuza kichwa.

"Tumefika barabara ya vumbi?"

"Tumeshaimaliza, Mama. Tuko nyumbani."

"Mbona sijapiga chafya?"

Niliegemeza paji la uso kwenye usukani, na kitu kilichokuwa kimenikaza mabega tangu Jumatatu kilikuwa kinaachia.

Wiki iliyofuata dada yangu alimtia dawa ya matone mara nne kwa siku, nasi tulizuia moshi, vumbi na wageni wa kumkumbatia. Kisha tukarudi Homa Bay kwa uchunguzi. Muuguzi yuleyule alimmulika kwa tochi, akamwambia atazame juu, atazame chini, akamwonyesha vidole na Mama akavihesabu vyote. "Safi kabisa," akasema. "Hakuna usaha, hakuna wekundu. Mama, hili jicho ni lako sasa."

Tulitoka hadi penye gari. Mimi nilikuwa natafuta funguo. Mama alilizunguka gari polepole, bila mkono wa mtu, akafika nyuma, akainama.

"Nani alipaka hii gundi ya juu?" akauliza. "Imepinda kama mto Kuja."

Nikaenda nikaangalia. Imepinda kweli. Sikuwa nimeona.

"Ni mimi, Mama."

"Nilidhani," akasema, akaenda kufungua mlango wake mwenyewe.