King'ora Kilichonyamazishwa Kutoka Dar

Fundi wetu wa kanzu pale Kibiti tumemzika, na nyie wasomaji mlionizoea kwa porojo mtanisamehe, safari hii naandika na kinyongo. Hakuugua. Mvua ilipiga tangu asubuhi, Idd imekaribia, kanzu za wateja alizozifua hazikauki. Akaingiza jiko la mkaa kwenye chumba chake cha kushonea, akafunga mlango na dirisha matone yasichafue nguo nyeupe za watu, akakaa kwenye cherehani kungoja. Alasiri mteja aliyefuata kanzu yake akamkuta kalalia kitambaa, roho imeshatoka.

Sasa msiseme mzee hakujua mambo ya kisasa. Ukutani alikuwa na king'ora, zawadi ya mwanawe aliyeko Dar. Kile cha kileo, kinachonusa moshi, kinanusa na ile hewa ya sumu ya mkaa isiyo na harufu wala rangi, kisha kinampasha habari mwenye simu popote alipo. Siku kinafungwa nilikuwapo. "Baba, hata nikiwa Kariakoo nitajua," alisema kijana. Fundi akajivuna mtaa mzima. "Mwanangu ananilinda kutoka Dar. Wako, mwenzangu, hata simu wanakupigia?" Neno hilo lilinichoma.

Lakini fundi hakumkabidhi mtu kanzu bila kuifukiza udi. Chetezo chini, tenga juu yake, kanzu juu ya tenga, mpaka inukie. Basi king'ora kikipata moshi wa udi, kelele! Wateja wanaziba masikio. "Fundi, kidude chako kina wivu, hakitaki watu wanukie!" Naye anapiga simu: "Kinyamazishe, mwanangu, ni udi huo." Kijana anagusa simu yake huko huko Dar, kimya. Ikafika mahali hata kupigiwa hangoji. Kikilia tu, anakizima.

Mimi shule niliishia darasa la nne, ila dunguni nimekesha sana. Dungu, kwa mgeni wa huku kwetu, ni kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kulinda shamba. Nilikuwa na shangazi kijijini Mloka, kule tembo wanaingia shambani kama wamealikwa harusi. Debe likipigwa, hakuna anayeuliza limepigiwa nini. Limepigiwa ngedere, limepigiwa tembo, watu wanatoka. Siku nyingine wanatoka bure, wanatukana, wanacheka, wanarudi kulala. Na hapakuwa na mtu aliyekaa mbali huko Mohoro akaweza kulinyamazisha debe la Mloka.

Jirani wa fundi, mama lishe, aliniambia msibani: "Siku ile nilikisikia, mzee wangu. Kikalia kidogo, kikanyamaza. Nikasema, kashamaliza kufukiza." Kijana naye akaja kunishika mikono. "Baba mdogo, nilijua ni udi. Kumbe kwenye simu kiliandika hewa ya mkaa."

"Ulisoma lini?"

"Nilipopigiwa simu ya msiba."

Nimemsamehe? Bado, nisiwadanganye. Kabla ya kidude hicho, jiko la fundi lilikaa barazani, mvua inyeshe isinyeshe. Alifunga dirisha kwa sababu aliamini kuna anayemwangalia. Hilo ndilo linalonikaa rohoni. Mtu asiyelindwa hujichunga mwenyewe, lakini yule alishaambiwa apumzike, tunakuona. Na siku hizi tumeyaacha mengi hivyo, mzazi yuko ukutani na mtoto yuko kwenye simu, tunasema tuko pamoja.

Siku ya hitima ubani ukachomwa chumba kile kile. King'ora kikalia. Kisomo kikakatika, na kijana, kwa mazoea tu, mkono ukaenda mfukoni. Nikamwambia, "Kiache kilie." Akauacha mkono mfukoni, machozi yanamtoka. Waliokuwa uani wanapika wakaja mbio, mama lishe mbele na mwiko mkononi, wakasimama mlangoni wanahema. Kumbe ni hatua chache tu.

Mnaniuliza kama kinafaa kununuliwa? Nunueni, mkijaaliwa. Lakini kiwe kinapiga kelele hapo hapo majirani wasikie, na asikizime mtu ambaye hajachungulia mlangoni. Na king'ora kiwepo kisiwepo, jiko la mkaa libaki nje. Kanzu yangu ya Idd ilikuwamo kati ya zile alizokuwa anazikausha. Ningeivaa mbichi.