Nyumba Iliyojengwa Hawe Kadzo Akiwa Ndani

Siku yangu ya kwanza na watu wa kanisa nilifika Sabaki na mwiko kwapani, nikakuta kina mama wameshajaza mapipa ya maji wanamngoja fundi. Mmoja akaitazama kofia yangu.

"Ewe Mwislamu, utatujengea sisi?"

"Nimekuja kujenga, mama, sikuja kuhubiri," nikamjibu. Wakacheka, tukaanza.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kanisa hutafuta familia isiyojiweza, waumini huchanga saruji na mabati, familia na majirani husomba mawe, nami napandisha ukuta. Ijumaa napumzika mimi, Jumapili wanapumzika wao. Vijana wa siku hizi wana vipimo vya kuwaka taa, lakini mimi nilitumia timazi, kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi kukuonyesha kama ukuta umesimama wima. Kikitulia, nami moyo hutulia.

Kutoka Sabaki nilipelekwa Dabaso, kisha Marafa, na Marafa ndiko ninakokuota hadi leo. Jioni vumbi lile jekundu huning'inia hewani, miti na watu wakaonekana kama wako mbali kuliko walipo. Huko alikaa Hawe Kadzo. Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Alikuwa kipofu, peke yake, katika nyumba ya udongo aliyokandika marehemu mumewe. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeinama, na masika yalikaribia.

Tulimwomba ahamie kwa jirani, tubomoe, tumjengee ya mawe. Akakataa.

"Humu mimi naona," alisema, mkono ukutani. "Hapa mlango, hapa mtungi, hapa kitanda. Mkinitoa mtanitia kiza mara ya pili."

Msimamizi wa ujenzi, mtu mpole lakini mwenye haraka zake, alichuchumaa mbele yake. "Hawe, kamati ya kanisa haiwezi kungoja. Usipohama wiki hii, saruji na mabati vitakwenda kwa familia nyingine. Na mvua ikija, ukuta huu utakuangukia."

"Basi uniangukie. Nitajua ni ukuta upi."

Nilimhurumia, na ukaidi wake ukaniudhi vilevile. Ndipo mama mmoja wa kwaya akasema kwa mzaha, "Mjengeeni akiwa humo humo, kama kuku kwenye tenga." Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka, alinigeukia mimi.

"Fundi, yawezekana?"

"Yawezekana. Ila tutatoka jasho."

Tukachimba msingi kuizunguka nyumba ya udongo. Tukakata makuti ya pembeni, tukapandisha mawe nje ya kuta za zamani, mlango mkabala na mlango, dirisha mkabala na dirisha. Hawe alikaa ndani akichambua kunde, akituuliza tumefika wapi. Nikigonga jiwe, naye hugonga fito kwa ndani, kama watu wanaoamkiana. Nilijihisi najenga ndotoni.

Mabati yalipopanda tu juu ya makuti, mvua ikaja alasiri, upepo ukipiga kwa ubavu. Tukasikia kishindo. Nilikimbia ndani. Ule ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda nje, ukaegemea mawe yetu, na mawe hayakutikisika. Hawe alikuwa kitandani, ungo mapajani.

"Umeegemea tu," akasema. "Umechoka."

Nilitoka nje nikalia kwenye mvua, asinione mtu.

Baadaye tukaondoa udongo wa kuta za zamani kidogo kidogo kwa karai. Alitusihi tusiutupe, tukaushindilia chini ya sakafu. Siku ya mwisho alipita chumbani bila fimbo, akapapasa mlango, mtungi, kitanda. Alipogusa jiwe aliuacha mkono pale muda mrefu. "Ni huku huku," akasema.

Nimeshastaafu, niko Malindi. Mtoto wa jicho ameshika macho yote mawili, na daktari hana ahadi. Asubuhi huamka nikafuata ukuta kwa mkono: mlango, birika, msala wa kuswalia. Nyumba yangu nayo imezeeka, chumvi imeila. Mwanangu yuko Mtwapa, kila akipiga simu ananibembeleza.

"Baba, hiyo nyumba itakuangukia. Njoo ukae nami, tuibomoe tujenge upya."

Jana nilimjibu. "Lete mawe, mwanangu. Mimi nitakuwa ndani."