Kikombe Kilichokaa Mahali pa Gibson

Persis Nyanchama ni binti wa Ombati, yule Ombati aliyeng'oa migomba ya baba yake mwenyewe akapanda chai kwenye mteremko wa Ikonge, majirani wakimcheka kwamba amepanda majani ambayo hata mbuzi hali. Mama yake ni Kemuma, aliyebeba ndizi kwa miguu mpaka soko la Kisii akarudi na chumvi, mimba ya Persis ikiwa tumboni. Persis naye hakukaa bure. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Gibson Momanyi, akazaa wana watatu, akachuma chai mpaka vidole vikashika rangi isiyotoka kwa sabuni. Na kwa miaka thelathini na mmoja ndiye aliyeshika mwiko wa makambi. Asiyejua makambi aelewe hivi: kila mwezi wa nane Wasabato wa pande hizi huacha nyumba zao wakakaa pamoja juma zima, kuomba na kufundishwa, na watu mia nne wakikaa pamoja lazima wale. Hakuna aliyelishwa na Persis akalala njaa, wala aliyepewa wali ulioungua. Hilo halina ubishi.

Na alikuwa na nywele. Hata mvi zilipoingia ziliingia kwa adabu, moja hapa, moja pale, katika kichwa kizito kilichovunja vitana. Ijumaa baada ya Ijumaa Mong'ina, dada mdogo wa Gibson, alikuja kumsuka matuta kwa ajili ya Sabato. Mong'ina huyu aliolewa Nyacheki, ndoa ikamshinda, akarudi akajengewa nyumba hapo chini karibu na mto. Zamani ilikuwa kinyume. Persis alipokuja kuolewa alimkuta Mong'ina ni mtoto wa miaka sita mwenye chawa, na ndiye aliyemkalisha chini, akamsafisha, akamsuka kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo vichwa hivyo viwili vilijuana.

Miaka miwili iliyopita kukawa na semina ya afya kanisani. Mwalimu alitoka mbali, kijana mwembamba mwenye karatasi nyingi. Akawaambia waache nyama, waache maziwa, mayai, hata omena, vile visamaki vikavu. Gibson alikuwa na ugonjwa wa presha na hofu yake, na neno lile likamwingia. Yeye na Persis wakasimama mbele ya kanisa, wakashikana mikono, wakasema wataishi kwa vyakula vya shamba mpaka mwisho wao. Ng'ombe akauzwa. Na mzee ambaye kwa miaka arobaini hakujua chumvi inawekwa wapi akawa mtu wa jikoni: analoweka maharagwe, anasaga njugu kwenye jiwe, anaimba akisaga. Kila asubuhi aliweka kidonge kidogo karibu na sahani ya mke wake, na Persis akakimeza bila kuuliza. Mume wa kukupa kitu mkononi humuulizi.

Jambo moja tu Persis alilikataa. Mwalimu alisema waache na chai. Gibson akaiacha. Persis akasema chai ya baba yake haiachi, hata malaika akishuka na karatasi. Wakapatana: atainywa nje, vyombo vikishaoshwa, ili harufu isimjaribu Gibson.

Januari mwaka jana Gibson alikwenda kupogoa chai, akaketi kupumzika, hakuinuka.

Kesho yake baada ya mazishi walikuja wanawake watatu wazee na wembe, kwa ile desturi ya zamani ya kumnyoa mjane. Persis akawaambia kanisa lake halina habari hiyo, na kwamba nywele zake alizipenda Gibson, zitabaki kama alivyoziacha. Wakaufunga wembe ndani ya leso wakaondoka bila kunywa uji. Wana nao wakaondoka, mmoja mmoja. Angwenyi, yule mkubwa, alirudi kazini Nakuru, akawa anapiga simu Jumapili na kumuuliza mama yake kama mvua imenyesha.

Ikabaki ile ahadi. Persis aliiona hivi: shamba sasa analima peke yake, kanisani anakaa benchi peke yake, lakini kila anapokataa kipande cha nyama kwenye arusi ya watu, hilo bado wanalifanya wawili. Akilivunja, ndipo atakuwa amemzika. Ahadi hiyo ndiyo aliyoishika kama mtu anavyoshika kamba akivuka mto.

Lakini maharagwe huchemka nusu siku, na kuni za nusu siku kwa mdomo mmoja ni aibu mbele ya sufuria. Akaacha kuyapika. Jiwe la njugu akalifunika kwa gunia, kwa kuwa hakuna wa kuimba. Chakula kikawa ugali na mboga ya managu jioni, na asubuhi kiazi kitamu. Mchana alikuwa kwenye chai na hakula. Na ile chai yake, turungi isiyo na maziwa, nyeusi kama mboni, hakuinywa tena nje. Nje aende kwa nani? Aliimimina kwenye kikombe kikubwa cha bati, akakiweka mezani, upande wa pili, mahali alipokuwa akikaa Gibson. Mvuke ukawa unapanda pale. Alikula akiutazama, na ugali ukiisha akanyoosha mkono akakivuta kikombe kwake.

Mwezi wa nne kitana kilitoka kichwani na nywele kama kiota. Akadhani ni kitana. Siku ya kuosha kichwa akaona beseni limekuwa jeusi, akamwaga nyuma ya choo mahali pasipopita mtu. Akamwambia Mong'ina asije tena kusuka Ijumaa, shingo inamuuma. Akafunga kitambaa asubuhi mpaka jioni, hata akiwa peke yake. Angemwambia nani? Wanawake wa kanisa aliowavuta mwenyewe kwenye chakula kile wangekitupa siku hiyo hiyo. Na wale watatu wa wembe wangesema basi, zile alizotunyima zimejichukua zenyewe.

Ilikuwa ni kamba ya kikapu iliyomfichua. Walikuwa wakitoka shambani yeye na Mong'ina, akainama kujitwika majani, kamba ikavuta kitambaa, kikaanguka. Mong'ina alisimama nyuma yake akautazama utosi.

"Mama Angwenyi," akasema, "nani anakusuka siku hizi? Kuku?"

Persis akaokota kitambaa. Akakifunga, kikateleza tena. Mong'ina akaona, akaacha mzaha, akakifunga yeye. Halafu akaanza upya kwa sauti nyingine: ni hayo majani unayokula, wifi, mbuzi ana haki ya kuyala kwa sababu Mungu alimpa matumbo manne, wewe umepewa moja. Akasema Ijumaa ataleta nyama kilo moja aipike mwenyewe, asimame hapo mpaka iishe.

"Nyama haivuki mlango wa kaka yako," Persis akasema.

"Kaka yangu hali tena, wifi. Wewe ndiye unayekula. Nenda hospitali basi. Nenda wakuambie, maana mimi huniamini."

Akaenda Kebirigo, si kwa ajili ya nywele, alivyojiambia, bali kwa sababu ya kizunguzungu kilichomshika kila alipoinuka. Daktari wa hapo ni Ondieki, ambaye mama yake aliimba kwaya na Persis. Alimtoa damu, akamfungua macho chini, akampapasa shingo. Kisha akamuuliza swali ambalo hakulitarajia: jana ulikula nini? Na juzi? Persis akataja. Hakuchukua muda kumaliza kutaja.

"Sema ni nini kimezitoa," akamwambia. "Kama ni chakula cha mume wangu, niambie nijue."

"Mama, hapa hakuna mwizi mmoja," Ondieki akasema.

Akamweleza polepole, kama mwana. Msiba wenyewe huangusha nywele, na hauziangushi siku ile, huziangusha miezi miwili mitatu baadaye, watu wakishasahau kuhesabu. Kukonda haraka pia huziangusha, na gauni lake lilionyesha amekonda. Damu yake imepungua, madini ya chuma hayamtoshi. Nywele hujengwa kwa protini, nayo kwa asiyekula nyama hutoka kwenye maharagwe, njegere, njugu, vitu ambavyo hakuvitaja hata kimoja. Yawezekana na tezi ya shingoni, ndiyo sababu sehemu ya damu itapelekwa Kisii. Yawezekana na umri. Akamuuliza kama anameza vidonge vya vitamini B12, kwa sababu hiyo mimea haina, na asiyekula chochote cha mnyama lazima aitafute kwenye kidonge.

Hapo Persis akamkumbuka Gibson. Akakiona kile kidonge karibu na sahani. Miezi mitano hakuna aliyekiweka.

"Na chai?" Ondieki akauliza. "Unainywa saa ngapi?"

"Na chakula."

"Basi hata chuma kidogo kilicho kwenye managu chai inakizuia. Usiiache kama huwezi. Isubiri saa moja baada ya kula. Chakula cha mzee hakina kosa, mama. Ila naona hukuwa ukikila."

Neno hilo alitembea nalo mpaka nyumbani. Alikuwa ameshika nusu ya ahadi, ile ya kukataa. Nusu ya kula, ile ya Gibson na jiwe lake na kuimba kwake, aliifunika kwa gunia akadhani ameitunza. Jioni aliloweka maharagwe. Akapakua ugali, akamimina chai kwa mazoea, akafika nayo mezani, akakumbuka. Akairudisha jikoni. Sasa mahali pale palikuwa patupu kweli, ubao tu na alama ya mviringo iliyochomwa na kikombe. Akaufunika ugali kwa sahani, akaenda kulala.

Kesho yake maharagwe yakaiva, mengi, kwa maana mkono wake haujui kupika kidogo. Alisimama uani akaita huko chini mtoni.

"Mong'ina. Njoo ule."

"Kuna nini?"

"Maharagwe na njugu."

"Na nyama?"

"Bila nyama."

"Nakuja na chumvi yangu basi," Mong'ina akajibu. Akaja, akakaa pale pale penye alama ya mviringo mezani, bila kujua amekaa mahali pa nani, akalalamika, akaongeza mara mbili.

Jibu la Kisii lilirudi, tezi ni nzima. Persis akameza vidonge vya chuma kama alivyoandikiwa, na kile cha B12 alikiweka mwenyewe karibu na sahani kila asubuhi. Nywele ziliendelea kuanguka, kisha zikapunguza. Makambi yalipokaribia, Mong'ina aliukagua utosi kwenye mwanga wa mlangoni, akatangaza kwamba mbele kumeota vijinywele, ila haijulikani kama ni wageni wanaoingia au ni wenyeji wanaoaga. Ondieki alikuwa amesema asubiri, huenda ikachukua miezi mingi. Tena alimkataza kusimama juu ya moto wa watu mia nne mpaka damu irudi.

Kwa hiyo Jumapili ya kuanza makambi, mahema yalipokuwa yakisimikwa, Persis alipanda uwanjani amefunga kitambaa chake cha bluu, mkononi ana mwiko mrefu wa mti wa msizi uliokatika ncha. Wanawake wakaacha kumenya. Akawapita wote, akasimama mbele ya Mong'ina, mla nyama, mpenda chai kuliko wote, akamkabidhi.

"Maharagwe yalowekwe leo," akasema. "Njugu zisagwe, zisinunuliwe za paketi. Na chai isitoke jikoni mpaka saa moja ipite baada ya chakula."

Mong'ina akautazama mwiko, akawatazama watu, ambao wengi wao walizaliwa kwenye chai na watafia kwenye chai. "Watanitukana, wifi."

"Watukane wakiwa wameshiba," Persis akasema. "Wewe shika saa."