Kichwa cha Mdoli wa Judith

Jenoveva wa Mugango alikulia kwenye nyavu. Mama yake alizishona, naye akazishona, mpaka mkono wake ukazoea kukaza fundo kweli kweli. Sasa mkono huohuo umeshika sindano ya kroshia, unafuma mdoli, na loo, mambo hayaendi! Kila akipunguza vitanzi ili kichwa kifunge, anabaki na matundu ya kupitisha dagaa. Sponji linachungulia nje.

Mdoli ni wa mjukuu wake, Judith. Mama yake Judith alifariki mtoto akiwa mchanga, bibi akamlea. Sasa baba mtu, Dennis, ameoa huko Bunda na anamtaka mwanawe akaanze shule. Jenoveva alimwambia kwenye simu, "Mtoto hatoki hapa bila mdoli wake. Nikimaliza nitakuita." Dennis, mkwe mwenye adabu zake, akasema sawa mama.

Wifi yake, Selestina, ndiye aliyemwonyesha namna ya kupunguza bila kuacha matundu.

"Wifi, wewe unachomaga kitanzi kizima, utadhani unaziba wavu. Chukua uzi wa mbele tu. Wa kitanzi hiki, na wa jirani yake. Haya, vuta vyote pamoja. Na usikaze hivyo, kwani unavua sangara?"

Wakacheka. Vitanzi viwili vikawa kimoja, pengo halikuonekana.

Ungedhani kazi imekwisha. Thubutu! Jioni kichwa kinakaribia kufunga, asubuhi Jenoveva anakifumua. Dennis akipiga, anajibiwa bado kina matundu. Selestina aliyaona hayo, akajifanya hajaona.

Jana Judith alikaa kando ya bibi yake, akitazama uzi ukifumuliwa tena.

"Bibi, hicho kichwa hakikuwa na tundu. Nilikiangalia."

"Kilikuwa nalo."

"Hakikuwa nalo. Bibi, hutaki niende?"

Jenoveva akakosa pa kutazama. Angemdanganyaje mtoto aliyemwogesha kwa mikono yake?

"Sitaki," akasema. "Sitaki hata kidogo."

Judith akamkumbatia shingoni, wakalia wote wawili bila aibu. Kisha bibi akafuta macho kwa khanga. Akafuma upya, akajaza sponji, akashika nyuzi za mbele na kupunguza mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kichwa kikafunga. Mkia wa uzi akauficha ndani.

"Kaniletee simu," akamwambia mjukuu wake. "Nimpigie baba yako."