Ukucha wa Meneja Peng

Meneja Peng wa kampuni moja ya kompyuta mjini Hsinchu alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole kidogo cha mkono wa kulia, na aliudekeza kama kitinda mimba. Kwa ukucha huo alifungulia bahasha, alimenyea machungwa, alichokonolea sikio katikati ya kikao. Sasa alianza kuutumia kusukumia kurasa za kompyuta mpya ya kiganjani, na hapo ndipo Chien Yueh-o alipoingia matatani.

Yueh-o ndiye aliyeandika kiendeshi cha kioo, ile programu iliyojificha kwenye kiini cha mfumo, inayoamua kioo kimeguswa na nini. Kalamu ikigusa, kinaandika. Kidole kikigusa, kinasukuma ukurasa. Miezi minane ya maisha yake ilikuwa mle. Lakini kila Peng aliposukuma, kioo kiliudhania ukucha kuwa kalamu, kikamchorea mistari juu ya barua zake.

"Kiendeshi chako kibovu, dada," Peng alimwambia. "Ijumaa wanunuzi wanakuja. Kikinichorea tena, nachukua cha wenzako wa ghorofa ya pili."

Kumwambia mkubwa akate ukucha? Ofisi nzima ilikuwa imeutazama miaka sita na hakuna aliyethubutu. Yueh-o alimwendea kwa adabu zote, akamwomba aguse kioo mara mia mbili, ati mashine inataka kuuzoea mkono wa bosi. Peng akavimba kichwa, akagusa mara mia tatu.

Vipimo vikasema. Kalamu hutua peke yake. Ukucha hutangulia, nyama ya kidole ikafuata punde. Basi kiendeshi kingoje kidogo kabla ya kuamua. Sehemu hiyo ya programu Yueh-o aliipa jina "Mheshimiwa", akacheka mpaka machozi.

Ijumaa Peng aliingia kucha zote kumi zimekatwa. Mkewe alikataa katakata aaibike mbele ya wageni. Akasukuma ukurasa kwa kidole kitupu, ukaenda vizuri.

"Kumbe shida ilikuwa ukucha," alimnong'oneza Yueh-o. "Ulijua, ukanyamaza. Hiyo takataka uliyoongeza kwa miguso yangu mia tatu, kaifute."

Yueh-o alipandwa na hasira.

Hapo mnunuzi mkuu, Bibi Hsiao mwenye maduka kumi na mawili, akanyoosha mkono. Kucha zake zilikuwa ndefu, nyekundu. Akasukuma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, zote zikaenda.

"Za wengine zote hunichorea," alisema. "Hii naichukua. Nani kaitengeneza?"

Peng akamwonyesha Yueh-o, kisha akakitazama kidole chake kidogo kwa uchungu wa kweli.

"Ungeniambia jana, dada," alinong'ona. "Nisingeukata."